Mwaka wa Maji ya Chini

Feza alinipigia simu asubuhi, nikiwa kwenye duka langu la kushona hapa Kasongo, pini zimejaa mdomoni na mteja amesimama mbele yangu mikono juu. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na maneno yake yalikuwa machache tu: "Yaya Mwamini, mama yetu Veronika ametuacha. Amefia mikononi mwangu." Nilitoa pini moja moja nikaziweka mezani, nikamwomba mteja arudi siku nyingine. Kwa mtu asiyejua habari za Kabambare hakuna la ajabu katika simu hiyo: mwanamke mzee amekufa, na mwanamke aliyekuwa akimwuguza ametoa taarifa. Mimi niliketi kwenye kigoda. Niliwaona wote wawili kwa pamoja, Feza wa leo akimfumba macho yule mama, na Feza wa mwaka ule, msichana wa miaka kumi na minane, damu ikimtoka mdomoni penye bomba la maji. Kesho yake nilipanda nyuma ya pikipiki kwenda matangani Kabambare, na kwa siku mbili za matope na madaraja ya magogo sikuwaza jambo jingine ila mwaka ule mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopita njia hiyo mara ya kwanza. Vita vilikuwa vimetulia, watu wa Kabambare walikuwa wametoka msituni na kuanza kuezeka nyumba zao upya, na akina mama wa kanisa na wa msikiti walikuwa wamekubaliana kufungua chumba kimoja cha kufundishia ushonaji. Walitafuta mwalimu Kasongo wakanipata mimi, kwa sababu sikuwa na mume wa kunizuia. Chumba kilikuwa cha matofali ya udongo, dirisha moja lisilo na ubao, benchi mbili, na mashini tatu za kukanyaga kwa mguu ambazo mbili tu ndizo zilizokubali kushona. Wanafunzi walikuwa wanane. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Riziki, mke wa muuza vitenge, mwenye mtoto wa mwaka mmoja aliyelala chini ya meza ya kukatia, juu ya mabaki ya nguo. Mimi nilipangiwa kulala kwa Mama Veronika.

Nataka nieleze habari za Mama Veronika kama nilivyomjua kabla ya yote, maana bila hivyo mshtuko wangu hauna maana. Alikuwa mjane wa makamo, mkulima, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, mwimbaji wa kanisani. Mimi ni Mwislamu, naye siku ya kwanza aliniuliza huwa nasali upande gani, akahamisha kabati lake zima ili nipate nafasi ya mkeka. Chumba changu na sebule vilitenganishwa na ukuta wa matete, na asubuhi niliamshwa na harufu ya chai ya mchaichai kabla ya sauti yake. Chakula chake mpaka leo sijapata kifani: ugali wa muhogo laini, sombe, majani ya muhogo, iliyopondwa ikapikwa na mawese na karanga, na samaki wa kukaushwa aliyemgawa sehemu mbili, kichwa kwake, nyama kwangu. Nilipopata malaria alinilisha uji kwa kijiko. Akaniita mwanangu, nami nikamwita mama bila kujilazimisha.

Feza alikuja mwezi wa tatu wa masomo. Alisimama nje ya mlango pamoja na mama yake, Mama Tabu, ambaye nilimfahamu kwa sura kwa kuwa ndiye aliyetuletea asali. Walikuwa Watwa, watu walioujua msitu ule kabla ya sisi sote, na makazi yao yalikuwa ukingoni mwa mji, ng'ambo ya mashamba. Hawakukanyaga kizingiti. Mama Tabu aliuliza, "Hapa munafundisha kila mutu?"

"Kila mutu," nilisema.

"Hata siye, Batwa?"

Nilisema ndiyo bila kufikiri, nikamkaribisha binti aketi. Alipoketi kwenye mwisho wa benchi, wasichana wawili waliokuwa wamekalia benchi hiyo waliinuka, wakakusanya vitambaa vyao polepole, wakatoka. Hawakurudi tena mwaka mzima. Waliobaki walibanana kwenye benchi ya pili, sita mahali pa wanne, na Feza akabaki peke yake kwenye ubao mrefu. Nilidhani labda kuna ugomvi wa kifamilia nisioujua. Ndivyo nilivyokuwa mjinga, au ndivyo nilivyotaka kuwa.

Jambo ninaloliandika sasa sijawahi kulisema mbele ya watu. Jioni ya siku ile, wanafunzi walipoondoka, nilichukua mkasi ambao Feza alikuwa ameutumia, nikaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya kutu. Lakini mkasi haukuwa na kutu, na mikasi mingine sikuifuta. Nilipoinua macho Feza alikuwa amerudi kuchukua kanga yake, amesimama mlangoni ananitazama. Alichukua kanga akaondoka. Kesho yake alikuja na kipande cha kitambaa safi, akakizungusha kwenye vishikio vya mkasi kabla ya kuushika, na alipomaliza akakivua, akakikunja, akakiweka mfukoni. Alifanya hivyo kila siku kwa majuma kadhaa, bila kinyongo usoni, kama mtu anayevua viatu kwenye nyumba ya wenyewe. Sikumwambia aache. Nilikuwa naona haya, na haya yangu nikaifanya iwe sababu ya kunyamaza.

Ushonaji una shida moja: huwezi kuufundisha bila watu kugusana. Somo la vipimo lilipofika niliwapanga wawili wawili, na hakuna aliyesogea upande wa Feza. Nikampa utepe anipime mimi. Vidole vyake vilikuwa baridi kwenye shingo yangu, na alisoma namba kwa sauti ya chini mno hata nikalazimika kumwomba azirudie. Wengine waliacha kazi zao wakatutazama kama watu wanaotazama ajali. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilikuwa chumbani nakunja nguo niliposikia, nyuma ya ukuta wa matete, Mama Veronika na jirani zake wawili wakimenya muhogo na kuzungumza.

"Eti Mutwa anamushika shingo," alisema mmoja. "Mbele ya batoto ya batu."

"Anatoka Kasongo, hajui," alisema mwingine.

Kisha sauti ya mama yangu, pole kama siku zote: "Muache. Nitamusemesha mimi. Ni mutoto muzuri, iko tu na haraka."

Aliniambia wakati wa chakula, huku akiniwekea kipande kikubwa cha samaki. "Mwana wangu, Mutwa ni mutu, mimi sikatai. Lakini kila mutu na pahali pake." Mezani kulikuwa na kibakuli cha asali. Ndipo nilipoanza kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu miezi yote ile: Mama Tabu hakuwahi kutupa asali mkononi. Aliiweka juu ya jiwe karibu na jiko, akarudi nyuma hatua kadhaa, na Mama Veronika akaichukua na kuweka unga wa muhogo pale pale, juu ya jiwe. Mikono yao haikukutana hata mara moja. Asali yenyewe tuliichovya kwa vidole tukalamba.

Kwenye chemchemi nako nilikuwa kipofu. Maji yalitoka chini ya kilima kwa bomba moja, na pale ndipo mji mzima ulipojaza bidoni zake, yale madumu ya plastiki. Hatua thelathini hivi kwenda chini palikuwa na dimbwi, maji yaliyomwagika juu yakikusanyika pamoja na povu la nguo na kinyesi cha mbuzi. Watwa walichota huko. Nilikuwa nikiwaona kila asubuhi wameinama, na akilini mwangu nilikuwa nimeamua kwamba wanapenda kuchota huko kwa kuwa hakuna msururu.

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mvua ilikuwa imenyesha na dimbwi limegeuka tope. Mama Tabu alikuwa anaharisha siku ya tatu. Feza alipanda hadi kwenye bomba, akasubiri zamu, na zamu yake ilipofika akaweka bidoni yake chini ya maji. Mimi nilikuwa wa tatu nyuma yake. Mama Veronika alitoka upande wa pili wa msururu, akiwa na kitambaa cha bluu cha kamati kichwani, akaipiga bidoni teke ikaanguka.

"Teremuka chini," alisema.

"Mama, muzazi wangu anagonjwa. Nipe hii moja tu."

Mama Veronika aliiokota ile bidoni iliyobaki na maji kidogo, akamwaga maji chini, kisha akampiga nayo Feza usoni. Nilisikia mlio wake. Midomo ya Feza ilipasuka. Mkono ulionilisha uji kwa kijiko nilipougua, nilikuwa naujua mpaka makovu yake ya jembe, na nilibaki naukodolea macho nikisubiri uwe wa mtu mwingine. Feza aliokota bidoni akateremka dimbwini. Msururu ukasogea. Nami, na hili pia naliandika kwa mara ya kwanza, nikasogea nao, nikajaza bidoni yangu, nikaenda nyumbani, nikakuta chai ya mchaichai imepoa kiasi ninachopenda.

Mchana Feza alikuja darasani, mdomo umevimba mpaka puani. Aliketi kwenye mashini akaendelea na pindo alilokuwa ameliacha jana. Riziki aliacha kukata, akamwendea, na kwa mara ya kwanza akaketi kwenye benchi ile.

"Nani amekupiga?"

Feza hakuinua kichwa. "Muulize mwalimu. Alikuwako."

Wote saba walinigeukia. Niliwaeleza, na nilipomtaja Mama Veronika, Riziki alicheka kicheko kibaya kisicho na furaha. Kisha akasimulia jambo ambalo kila mtu chumbani alilijua isipokuwa mimi. Wakati wa vita, mji ulipokimbia, waliowapokea msituni walikuwa Watwa. Waliwaonyesha mizizi ya kula na mito ya kuvuka. Mtoto aliyelala chini ya meza yangu ya kukatia alizaliwa katika kibanda cha Mama Tabu, juu ya majani, na Mama Tabu ndiye aliyemkata kitovu.

"Nilipomaliza kuzaa nilikuwa na kiu," alisema Riziki. "Alininywesha na kibuyu chake mwenyewe. Nilikunywa yote. Na Mama Veronika alikuwako. Alikaa mule miezi saba. Yeye alilala ndani, karibu na moto. Mama Tabu na batoto yake balilala inje."

Nilimwuliza kama ana hakika. Ni swali la kipumbavu, lakini akili yangu ilikuwa inatafuta mahali pa kutokea. Riziki alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, siye wote tulikuwa mule. Tukarudi ku mji, na siku ya kwanza tukabatuma ku maji ya chini. Na mimi pia. Mpaka leo sijamupa Mama Tabu mukono."

Hakukuwa na mkutano wala hotuba. Mwanafunzi mmoja, msichana mkimya wa kwaya, ndiye aliyesema kwamba kama maji ya chini yanawafaa Watwa basi yatufae na sisi. Riziki alisema, "Kesho." Mimi nilisema nitakuwepo, na nilipolisema nilimtazama Feza. Alikuwa ameshika mkasi bila kile kitambaa chake. Sijui alikiacha lini.

Asubuhi tulipita msururu wa bombani sote wanane, Feza akiwa katikati, tukateremka dimbwini. Tulisukuma povu kwa mikono, tukachota. Wa juu walidhani ni mchezo. Siku ya pili Riziki alikuja na wanawake wenzake wa sokoni, wengine wao akina mama wa msikitini; siku ya nne kwaya nzima ikateremka. Wanaume walianza kulalamika kwamba chai ina ladha ya mbuzi, na wake zao wakawajibu kwamba ndiyo chai ya Mama Tabu tangu zamani. Tulichemsha maji yale mara mbili tatu na bado matumbo yalitusokota. Mwuguzi wa zahanati alikuja kutukanya, akasimama pale ukingoni, akatazama kwa muda, kisha akaenda kwa shefu wa mtaa kumwambia kwamba yeye hatawatibu watu kwa ugonjwa ambao dawa yake iko hatua thelathini juu. Si wote waliokuwa pamoja nasi. Tulitupiwa maganda, na mume wa mwanafunzi mmoja alimzuia kutoka nyumbani. Lakini kila asubuhi msururu wa juu ulipungua, mpaka ikafika siku bomba lilikuwa linamwaga maji chini na mbele yake kasimama Mama Veronika na wanawake wachache, bidoni zao zimejaa, wasijue waende au wabaki.

Bado nilikuwa nalala kwake. Riziki aliniambia nihamie kwao, nami nikakataa kwa sababu ambayo hata leo siielewi vizuri; labda nilitaka aone uso wangu kila siku. Hakunifukuza. Aliendelea kunipikia, sombe ile ile, samaki yule yule. Ila jioni ya siku ile ya kwanza ya dimbwini nilipotoka chumbani nilikuta sahani yangu imewekwa chini, karibu na kizingiti, naye amerudi nyuma amesimama kando ya jiko anasubiri niichukue. Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji baridi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, huzuni ya mama ambaye mwanawe amepata ugonjwa wa kuambukiza. Nilikaa sakafuni nikala, maana nilikuwa na njaa, na kila tonge nilimwaza Mama Tabu akirudi nyuma hatua zake kutoka kwenye lile jiwe. Yeye alirudi nyuma hivyo maisha yake yote. Mimi sikumaliza jioni moja bila kulia.

Shefu wa mtaa aliitisha watu uwanjani mbele ya ofisi yake. Mama Tabu alikuja akimshikilia Feza begani, amekonda, na Riziki akamwachia kiti. Shefu aliuliza swali moja ambalo nadhani hakuna aliyewahi kuliuliza: "Nani aliweka hii sheria ya maji ya chini?" Wazee wa mtaa walitazamana. Mmoja alisema ni ya kamati. Mama Veronika akasema kamati iliikuta. Mwingine akasema ni ya wakati wa shefu aliyepita, na mtoto wa shefu aliyepita, aliyekuwa hapo hapo, akasema baba yake hajawahi kuisema. Swali lilienda hivyo kutoka mtu hadi mtu mpaka watu wakaisha. Haikuwa imeandikwa popote na hakuna aliyekuwa ameitoa. Mpaka leo sijashtuka na jambo lolote kama nilivyoshtuka na ukimya ule, mamia ya watu wazima wakigundua mchana kweupe kwamba walikuwa wanatii amri isiyo na mwenyewe. Shefu alisema kuanzia kesho anayetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuchota, akafunga mkutano. Watu walitawanyika wakiangalia chini.

Sitaki mtu afikiri kwamba mambo yalinyooka siku ile. Kwenye matanga ya Mama Veronika majuzi, nilimwona kijana akigawa chai, akaifikia benchi waliyokalia ndugu zake Feza, akairuka bila kusita, bila hata kuwaza, jinsi mtu anavyoruka dimbwi la maji. Riziki, mvi zimemjaa kichwani sasa, alimwita kwa jina akamrudisha. Kijana alishangaa kweli, hakujua alichofanya. Nilimtambua. Alikuwa na uso wangu niliokuwa nao nikifuta mkasi.

Wiki mbili baada ya mkutano, Mama Veronika aliniambia asubuhi nimsindikize mahali. Hakusema wapi. Alijifunga kitenge cha kanisani, akabeba unga wa muhogo kichwani, tukapita mashamba, na tulipofika ukingo wa msitu nikajua. Mama Tabu alikuwa ameketi nje ya kibanda chake anachambua majani, Feza kando yake. Mama Veronika alishusha mzigo. Nilimwona akitazama huku na huku akitafuta pa kuuweka chini, kisha akajizuia, akausogeza mbele kwa mikono yote miwili akabaki ameushika hivyo. Mama Tabu hakuupokea haraka. Alimaliza jani alilokuwa nalo mkononi. Ndipo akainuka, akaupokea, na vidole vyao vikagusana.

"Nimekuja kuomba musamaha," alisema Mama Veronika. "Ku Feza, na ku wewe. Ulinilaza ndani."

Mama Tabu alimletea kigoda. Tulikaa muda mrefu, kuku wakipita miguuni mwetu. Feza alikuwa akimtazama mama yake. Nilitamani amalize haraka, aseme neno ambalo lingetuondolea sote mzigo, twende nyumbani tukiwa wepesi. Mama Tabu alipofungua kinywa alisema polepole, bila ukali wowote, kama mtu anayemwambia jirani kwamba chumvi imeisha.

"Musamaha leo sina, Veronika. Nimeutafuta mu roho, sijauona. Urudi siku ingine uniulize tena."

Mama Veronika aliitikia kwa kichwa. Alikunja kitambaa chake cha kubebea, akaaga, na njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu bila kugeuka. Jumamosi iliyofuata alijifunga kile kitenge cha kanisani akaenda tena, peke yake. Akaenda na Jumamosi ya pili. Nilipoondoka Kabambare mwisho wa mwaka, alikuwa bado anakwenda.